Kofia ya Hariri na Matanga ya Miaka Mitatu: Je, Confucius Alikuwa Mpragmatisti?

Tarehe 20 Oktoba 1919 mwanafalsafa Mmarekani John Dewey alitimiza umri wa miaka 60 akiwa Beijing. Kwa kalenda ya Wachina inayofuata mwezi, siku hiyo iliangukia siku ya kuzaliwa kwa Confucius. Waliomwandalia karamu hawakuiacha sadfa hiyo ipite hivihivi. Cai Yuanpei, mkuu wa Chuo Kikuu cha Peking, alisimama akawalinganisha wazee hao wawili. Wote wawili, alisema, waliipa elimu uzito mkubwa. Lakini alitaja pia yanayowatenga: Confucius alifundisha kumtukuza mfalme, Dewey anafundisha demokrasia, Confucius aliwaona wanawake kuwa watu wagumu kuishi nao, Dewey anatetea usawa wao na wanaume, Confucius alijiita mpokezi wa mambo ya kale, Dewey anawataka watu wabuni mapya.

Naipenda hotuba hiyo kwa sababu ina nusu mbili. Vitabu vilivyoandikwa baadaye juu ya Confucius na pragmatizimu, hasa kuanzia miaka ya 1980, vimeishika sana nusu ya kwanza. Katika makala hii nataka kuuliza nusu ya pili imekwenda wapi.

Niondoe kwanza utata wa jina. Sisi tunaosoma Kiswahili tukisikia neno hili tunakumbuka pragmatiki ya somo la isimu, ile inayochunguza maana katika muktadha wa mazungumzo. Siyo hiyo. Pragmatizimu ninayoizungumzia ni falsafa iliyozaliwa Marekani mwishoni mwa karne ya 19 kwa Charles Peirce na William James, ikakuzwa na Dewey (1859–1952). Msingi wake ni kwamba wazo hupimwa kwa yale yanayotokea watu wanapolitenda. Desturi ni mazoea ya jamii. Inapotutumikia tunaifuata bila hata kuifikiria, na inapotuletea shida ndipo akili inapoamka, tunaichunguza, tunajaribu njia nyingine, tunaangalia matokeo. Kwa Dewey demokrasia si kupiga kura tu. Ni namna ya kuishi ambamo wote wanaoguswa na jambo wanashiriki kulichunguza.

Upande wa pili yupo Confucius (551–479 KK), ambaye jina lake sasa limeandikwa kwenye milango ya taasisi za Kichina katika vyuo vyetu vikuu, tangu ile ya Nairobi ya mwaka 2005, ingawa ni wanafunzi wachache waliowahi kufungua Lunyu. Lunyu ni mkusanyiko wa mazungumzo yake na wanafunzi wake, uliotungwa na wafuasi baada ya kifo chake. Maneno mawili yanatawala humo. La kwanza ni *ren*, ambalo naona hatuna haja ya kuhangaika kulitafsiri: ni utu. Hata mwandiko wake wa Kichina unaunganisha alama ya mtu na alama ya mbili, na wafasiri wengi hupenda kusema kwamba utu hauwezi kuwa wa mtu mmoja. La pili ni *li*, yaani ada: namna ya kusalimu, kula, kuzika, kutambika, kuvaa, kuinama mbele ya mkubwa. (Ada hii si ile inayotufanya tupange foleni benki mwanzoni mwa muhula, ingawa nayo ina taratibu zake.)

Wanaosema kwamba hawa wawili ni ndugu wana hoja nzito, na sitaki kuipuuza. David Hall na Roger Ames waliianzisha katika Thinking Through Confucius mwaka 1987, wakaijenga zaidi katika The Democracy of the Dead mwaka 1999, na Ames akaendelea nayo peke yake katika kitabu chake cha 2011 kuhusu maadili ya nafasi za watu. Sor-hoon Tan, aliyefundisha Singapore, aliichukua akaunda kutoka kwayo wazo la demokrasia ya Confucius iliyojengwa upya kwa zana za Dewey. Kwa ufupi wanasema hivi: kwa Confucius, kama kwa Dewey, mtu hatokei akiwa amekamilika ndipo aingie katika uhusiano na wenzake. Uhusiano ndio unaomtengeneza. Mimi ni mtoto wa fulani, kaka wa fulani, mwanafunzi wa fulani. Ukiviondoa vyote hivyo huwezi kubaki na "mimi" halisi aliyejificha ndani kama kokwa la embe. Wanaongeza kwamba ada haikuwa sheria iliyoshushwa kutoka mbinguni. Ilikuwa mazoea yaliyojaribiwa na vizazi, na kila kizazi kinaruhusiwa kuyarekebisha.

Ushahidi wao bora, kwa maoni yangu, ni kofia. Katika kitabu cha tisa cha Lunyu Confucius anaeleza kwamba ada inataka kofia ya sherehe iwe ya katani, lakini watu wa siku zake wanavaa ya hariri kwa kuwa haina gharama kubwa, naye anafuata walio wengi. Halafu anageuka. Ada inataka mtu amwinamie mtawala akiwa bado chini ya ngazi. Siku hizi watu wanapanda kwanza ndipo wainame huko juu. Huo ni ujeuri, na hapo yeye anawaacha walio wengi na kuinama chini.

Mistari hiyo michache ina mambo mengi. Mtu asiyebadilika kamwe angekataa hariri. Mtu anayefuata upepo angeinama juu pamoja na wenzake. Confucius anauliza badiliko hili linafanya nini. La kofia linaokoa mali na halipunguzi heshima. La kuinama haliokoi chochote, bali linageuza maana ya tendo lenyewe. Dewey angeisoma sehemu hii akitikisa kichwa kwa kukubali. Ipo pia sehemu nyingine inayonukuliwa sana, pale wanafunzi wawili wanapouliza swali moja, kama inafaa kutenda mara tu baada ya kusikia jambo jema, na kila mmoja anapewa jibu lililo kinyume cha la mwenzake. Mwalimu anaeleza kwamba Ran You ni mtu wa kusitasita, hivyo alimsukuma, na Zilu ana pupa ya watu wawili, hivyo alimshika nyuma. Hapa jibu linapimwa kwa kazi linayofanya ndani ya mtu anayelipokea.

Mpaka hapa nawakubali. Shida yangu inaanza ninapotazama nani anapima. Katika habari ya kofia, anayepima ndiye anayevaa. Katika habari ya kuinama, anayepima ndiye anayeinama. (Mikono iliyofuma katani haitajwi, lakini tuiache.) Ni rahisi mvaaji na mpimaji wawe mtu mmoja pale mtu huyo anapokuwa mwalimu. Dewey mwenyewe, katika The Public and Its Problems cha mwaka 1927, alitumia mfano wa kiatu: fundi anaweza kujua zaidi namna ya kukitengeneza, lakini kinabana wapi anajua anayekivaa. Wahenga wetu walikwenda mbali kidogo na kiatu, wakafika kitandani: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi tumtafute katika Lunyu mtu anayelala kitandani akamwambia mwalimu kwamba kuna kunguni, tuone anapokewaje.

Mtu huyo yupo. Anaitwa Zai Wo, na habari yake imo katika kitabu cha kumi na saba. Ada ya wakati ule ilimtaka mtoto akae matanga ya mzazi wake kwa miaka mitatu: chakula duni, mavazi ya kukwaruza, hakuna muziki, hakuna shughuli za kawaida. Zai Wo anasema miaka mitatu ni mingi, mmoja unatosha. Na hatoi malalamiko matupu. Anatoa sababu, tena sababu za matokeo: muungwana akiacha ada na muziki miaka mitatu, ada itaharibika na muziki utakufa, na mwaka mmoja ni mzunguko uliokamilika, nafaka ya zamani imekwisha na mpya imeiva. Kama kuna hoja ya kipragmatisti katika Lunyu nzima, ni hii, na imetoka kinywani mwa mwanafunzi.

Mwalimu anajibuje? Haigusi hata sababu moja. Anauliza: ukila wali mzuri na kuvaa nguo nzuri kabla miaka mitatu haijaisha, moyo wako utatulia? Zai Wo anajibu kwamba utatulia. Basi, anaambiwa, kama moyo umetulia fanya hivyo. Muungwana akiwa matangani haoni ladha ya chakula wala raha ya muziki, ndiyo maana hafanyi. Lakini wewe kama umetulia, fanya. Zai Wo anatoka. Mlango ukishafungwa mwalimu anawaambia waliobaki kwamba huyu hana utu. Mtoto hutoka mikononi mwa wazazi baada ya miaka mitatu. Je, yeye hakuwahi kupata miaka mitatu ya upendo wa wazazi wake?

Nimeisoma sehemu hii mara nyingi kuliko nyingine yoyote, na kila mara inanigawa. Upande mmoja, hakuna fimbo hapa. Mwanafunzi amepinga ada kubwa kuliko zote mbele ya mwalimu wake na ameruhusiwa kuondoka akafanye atakavyo. Wafuasi wa Ames wana haki ya kujivunia hilo. Upande mwingine, Zai Wo aliuliza kuhusu ada akajibiwa kuhusu moyo wake. Alisema kitanda kina kunguni, akaambiwa kwamba tatizo ni ngozi yake. Na hukumu yenyewe imetolewa akiwa hayupo, mbele ya wenzake, ambao bila shaka walijifunza siku hiyo ni bei gani inalipwa na anayeuliza.

Lunyu inamruhusu aliye chini aseme. Mtoto anaruhusiwa hata kuwaonya wazazi wake kwa upole wanapokosea, na wasiposikia anaendelea kuwaheshimu bila kinyongo. Lakini hapo ndipo ruhusa inapoishia. Neno la aliye chini linasikilizwa kama dalili ya hali ya moyo wake. Halihesabiwi kuwa ushahidi kuhusu ada. Kwa Dewey ni ushahidi. Tofauti hii ni kubwa kuliko tofauti ya mfalme na demokrasia ambayo Cai aliitaja kwanza, kwa sababu inakaa ndani ya nyumba na darasani, mahali ambapo hakuna mfalme. Vitabu nilivyovitaja vinauliza kama ada inaweza kubadilika, vinaonyesha kwamba inaweza, na vinadhani kazi imekwisha. Swali la nani anaulizwa kama ada inauma linabaki nje mlangoni pamoja na Zai Wo.

Hata jina la kitabu cha Hall na Ames linanipa shaka hiyo. Msemo wa demokrasia ya wafu ni wa mwandishi Mwingereza G. K. Chesterton, aliyeona kwamba kufuata mapokeo ni kuwapa wazee waliotangulia kura yao. Ni wazo zuri, na kwetu Waafrika halihitaji kuelezwa sana. Lakini wafu wakishapewa kura zao, ningependa kuziona pia kura za walio hai wanaopika kwenye matanga.

Nasema wanaopika kwa sababu niliwahi kuyaona. Babu yangu mzaa baba alipofariki, wazee wa ukoo waliketi wakaamua kwamba matanga yasiwe ya siku saba kama zamani, yawe ya siku tatu. Sababu ilikuwa gharama: unga, mafuta, mkaa, nauli za wageni. Ulikuwa uamuzi wa kofia ya hariri kabisa, wa busara, na Confucius angeufuata. Waliokuwa wanachota maji na kupika kwa zamu usiku na mchana walikuwa wakaza wana, mama yangu akiwa mmoja wao. Hawakuwa kwenye kikao. Hakuna aliyeona ajabu, mimi nikiwamo.

Kwa hiyo mtu anayenivutia katika historia hii si Dewey wala Confucius. Ni Hu Shi, aliyesimama katikati. Hu Shi alisoma falsafa kwa Dewey katika Chuo Kikuu cha Columbia, akarudi Uchina mwaka 1917, na Dewey alipofika Shanghai mwishoni mwa Aprili 1919, siku chache tu kabla wanafunzi wa Beijing hawajaingia barabarani tarehe 4 Mei, yeye ndiye aliyekuwa mkalimani wake mkuu. Dewey alikaa hadi Julai 1921, akihutubia mji baada ya mji. Neno ambalo Hu Shi alilitumia kwa Kichina kuitaja falsafa ya mwalimu wake lilikuwa na maana ya falsafa ya majaribio, na kwa kizazi chake jaribio la kwanza lilikuwa ada za Confucius zenyewe.

Lakini tazama nyumbani kwake. Mama yake aliozwa akiwa kijana kwa mwanamume aliyemzidi umri sana, mwenye watoto wakubwa, akawa mjane hata kabla hajafikisha miaka 25. Kwa ada ya wakati ule mjane mwema haolewi tena, naye hakuolewa. Alibaki katika nyumba yenye watoto wa kambo walio na umri kama wake, akameza mengi, akamsomesha mwanawe wa pekee. Ndiye aliyemchumbia mke, Hu Shi akiwa bado mvulana. Hu Shi akaenda Marekani, akasoma falsafa inayosema desturi zipimwe, akarudi, na Desemba 1917 akamwoa yuleyule aliyechaguliwa na mama, kwa sababu hakutaka kumvunja moyo.

Mwaka 1918 Hu Shi aliandika makala kali katika jarida la Vijana Wapya akipinga desturi ya kuwatukuza wajane wanaokataa kuolewa tena au hata kujiua wawafuate waume zao. Novemba ya mwaka huohuo mama yake alifariki. Alirudi kijijini kwao Anhui kumzika, na huko akafanya alichokuwa akikihubiri: alipunguza taratibu za mazishi, akaondoa maneno ya desturi ambayo mwana hujilaani kwayo kwenye tangazo la kifo, na hakuvaa nguo za matanga kwa muda wote uliotakiwa. Mwaka uliofuata alichapisha maelezo ya mageuzi hayo, hatua kwa hatua, na sababu ya kila hatua. Zai Wo alikuwa amerudi baada ya miaka elfu mbili na mia nne, na safari hii alikuwa na jarida mkononi.

Wahakiki huisimulia habari hii kama ushindi wa pragmatizimu. Mimi naiona kuwa nzito zaidi. Hu Shi alipima ada ya matanga kwa sababu yeye ndiye aliyeibeba. Hapo ni mfuasi mwaminifu wa Dewey. Lakini ada ya ujane, iliyokuwa nzito kuliko ya matanga mara nyingi, ilibebwa na mama yake kwa zaidi ya miaka 20. Ushahidi wake uko wapi? Tunaujua kupitia mwanawe tu, katika kumbukumbu alizoandika kwa upendo mkubwa, ambamo mama anasifiwa kwa uvumilivu wake. Uvumilivu ni sifa ambayo ada huwapa watu ambao haikuwauliza kitu.

Hapa lazima pia nikiri jambo dhidi ya upande wangu. Swali la Confucius kwa Zai Wo, kuhusu miaka mitatu mikononi mwa wazazi, pragmatizimu haina jibu rahisi kwalo. Falsafa ya matokeo hutazama mbele, na matanga hutazama nyuma. Deni kwa marehemu halina matokeo kwa marehemu. Hu Shi angeweza kutetea kila kipande alichokipunguza, lakini kwa nini alisafiri kurudi Anhui, kwa nini alioa alivyooa, sidhani falsafa ya Columbia inaeleza. Kitabu cha Confucius kinaeleza. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaomfanya Confucius kuwa Dewey wa zamani: wanamnyang'anya kitu ambacho Dewey hakuwa nacho.

Kuna neno moja la Kiswahili linalonisaidia kuuona mgogoro huu vizuri, nalo nimekwisha kulitumia mara mbili bila kulieleza. Confucius humwita mtu aliyefikia ukamilifu *junzi*. Zamani neno hilo lilimaanisha mwana wa mtawala, mtu wa ukoo bora. Yeye alilihamisha kutoka katika damu akalipeleka kwenye mwenendo. Nimelitafsiri kuwa muungwana, na sijui lugha nyingine yenye tafsiri nzuri zaidi, kwa kuwa muungwana naye amepita njia hiyohiyo. Awali alikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Leo tunasema muungwana ni vitendo. Kwetu mashariki mwa Kongo Kiswahili chenyewe kiliwahi kuitwa Kingwana, kutokana na waungwana waliofuatana na misafara ya karne ya 19 hadi Nyangwe na Kasongo. Na baadhi yao walikuwa watumwa au waliowahi kuwa watumwa, wakajipatia jina hilo kwa mavazi, kwa dini na kwa mwenendo.

Wafuasi wa Ames wangelipenda neno hili: hadhi iliyogeuka kuwa tendo. Na kweli ni hatua kubwa. Lakini neno halisahau lilikotoka. Ili awepo muungwana lazima awepo asiye muungwana, na katika Lunyu yupo karibu kila ukurasa, mtu mdogo, ambaye hutajwa ili tujue tusifanane na nani. Mtumwa wa msafara aliweza kuwa muungwana, lakini kwa kuiga mizani iliyokwisha kuwekwa, bila kuulizwa kama mizani ni sawa. Darasani tunaambiwa tutafute tafsiri inayofanana kimaana. Hii inafanana hata kwa dosari yake, na ndiyo sababu ninaitaka.

Aliyejaribu kuigusa mizani yenyewe alikuwa Tao Xingzhi, mwanafunzi mwingine wa Columbia, ambaye vitabu vya falsafa humtaja kwa haraka kwa sababu alikuwa mwalimu wa watoto wa vijijini. Jina lake ni kisa kizima. Alizaliwa Tao Wenjun. Alipomsoma Wang Yangming, mfuasi mkubwa wa Confucius wa karne ya 15 na 16 aliyefundisha kwamba kujua na kutenda ni kitu kimoja, akajiita Zhixing, yaani kujua-kutenda. Baada ya miaka ya kazi aliona kwamba mpangilio una makosa, na mwaka 1934 akaligeuza jina likawa Xingzhi, kutenda-kujua. Alimpindua na Dewey pia: Dewey alileta maisha ndani ya shule, Tao akasema jamii yote ndiyo shule. Mwaka 1927 alianzisha chuo cha walimu Xiaozhuang, nje ya Nanjing, ambako walimu wa baadaye walilima na kujenga pamoja na wakulima. Serikali ilikifunga mwaka 1930.

Kinachonihusu hapa ni mpango wake wa walimu wadogo. Uchina ilikuwa na mamilioni wasiojua kusoma na walimu wachache, hivyo Tao akawatuma watoto: mtoto aliyejifunza herufi leo anamfundisha mzazi, nyanya, jirani. Mfano alikuwa nao nyumbani, ambako mama yake mwenyewe alifundishwa kusoma na mjukuu wake. Mtu akilipima jambo hili kwa ada ya zamani ni kama kuinama juu ya ngazi, mdogo kukaa mahali pa mkubwa. Tao hakuona ujeuri ndani yake. Mtoto bado anamheshimu bibi, na bibi bado ni bibi, lakini anayejua ni mtoto, na bibi anasikiliza. Nadhani huu ndio muungano wa Confucius na pragmatizimu ambao wasomi wanautafuta katika dhana, na ulikuwa tayari umefanyika jikoni, kwa kitabu cha herufi.

Likizo iliyopita, nikiwa bado na Zai Wo kichwani, nilimuuliza mama yangu kuhusu yale matanga ya babu. Nilitegemea aseme kwamba wazee walifanya vyema kuyapunguza, kwa kuwa walimpunguzia kazi. Alicheka kwanza. Kisha akasema, "Siku hazikuwa na shida, mwanangu. Zile saba zilikuwa nzuri, dada zangu walikuwa wanakuja kulala nami. Hizi tatu watu wanakula, wanaenda. Shida ilikuwa maji. Bomba liko kule chini kwenye mteremko, na vijana wote walikuwa wamekaa kwenye viti." Nilikuwa mmoja wa waliokuwa wamekaa kwenye viti. Hakulisema hilo, akaendelea kuchambua maharage.